Swichi isiyokitazama kijiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuwatuliza wazazi ambao watoto wao wameanza kuunda na kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa rimoti. Alisema, na ninaamini alisema kwa nia njema, kwamba rimoti za siku hizi zina swichi ya usalama ya kuzima mota, na kwa hiyo mzazi hana sababu ya kuogopa. Mimi nilifundisha ufundi wa umeme mpaka nilipostaafu, na ndege hizi nimekuwa nikiziunda na kuzivunja hapa Tanga kwa zaidi ya miaka kumi. Ninachotaka kusema ni kwamba usalama hauji ndani ya swichi kutoka kiwandani. Swichi ni kipande cha chuma na springi ambacho hakijui lolote mpaka mwenye rimoti akipangie kazi, na kazi ambayo wengi wetu tunakipangia ni nusu tu ya ile inayotakiwa. Tena nusu hiyo, kama nitakavyoeleza, inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na swichi kabisa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika ndege ya namna hii, nianze na hatari yenyewe, kwa sababu wengi huiona kama mdoli. Ndege ya kawaida ya mwanafunzi ina mota ndogo isiyo na brashi, betri ya litiamu ya seli 3 ambayo ikijaa hufikia volti 12.6, na rafadha, au panga kama vijana wanavyoiita, yenye upana wa inchi 10 kutoka ncha hadi ncha. Rafadha hiyo ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, ambayo si kasi ya ajabu kwa mota kama hiyo, ncha zake hukata hewa kwa mwendo wa mita 120 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 430 kwa saa. Tena mota ya umeme haina tabia ya injini ndogo ya mafuta, ambayo mara nyingi huzimika ikikutana na kizuizi. Mota ya umeme ikizuiwa huvuta umeme mwingi zaidi na kuendelea kusukuma, na kizuizi hicho kikiwa ni kidole, basi itaendelea kukipiga mpaka mtu aikatie umeme au kitu kiungue.

Sasa tuitazame njia ambayo amri hupitia kutoka mkononi hadi kwenye mota, maana kasoro ninayoisema imejificha humo. Kijiti cha kasi kilichopo kwenye rimoti hutoa namba, ambayo katika rimoti nyingi huanzia hasi 100 kikiwa chini kabisa na kuishia chanya 100 kikiwa juu kabisa. Namba hiyo husafiri kwa mawimbi hadi kwenye kipokezi kilichomo ndani ya ndege, nacho huigeuza kuwa mapigo mafupi ya umeme, yenye urefu wa takriban milisekunde 1 kwa kasi ya sifuri na milisekunde 2 kwa kasi kamili. Mapigo hayo hupokelewa na kidhibiti cha mota, kile kisanduku kidogo chenye nyaya tatu nene zinazoelekea kwenye mota. Waliokiunda kidhibiti hicho walikuwa watu waangalifu. Betri inapochomekwa, kwa kawaida hakikubali kuizungusha mota mpaka kwanza kipokee amri ya kasi ya sifuri. Kikikuta kijiti kiko juu, hulia mlio wa kulalamika na kukataa kazi. Huyo ndiye mlinzi wa kwanza, na amewaokoa watu wengi ambao hata hawajui kwamba yupo.

Msomaji mwenzangu aifikirie sasa swichi anayoisifu. Katika mpangilio ambao vijana wengi hufundishana, swichi ikiwa upande wa usalama, rimoti hutuma hasi 100 kwenye chaneli ya mota, yaani njia inayobeba amri za mota, bila kujali kijiti kiko wapi. Fundi anachomeka betri. Kidhibiti kinapokea hasi 100, kinaamini kwamba kijiti kiko chini, kinalia mlio wa kuridhika na kujiweka tayari. Kijiti chenyewe huenda kiko katikati, huenda kiko juu kabisa, kwa sababu rimoti ilisukumwa na begi au ilishikwa na mtoto. Tangu hapo hakuna kinachomtenganisha fundi na kasi kamili isipokuwa ile swichi moja, na siku itakapoguswa kwa bahati mbaya, mota haitaanza polepole. Itaruka kutoka sifuri hadi pale kijiti kilipo kwa kufumba na kufumbua. Tulidhani tumeongeza mlinzi wa pili, kumbe tumemfunga kitambaa machoni yule wa kwanza.

Nisingeliandika hili kwa ukali kama nisingeliliona. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye karakana ya shule moja, ambayo sitaitaja, kuwatazama wanafunzi waliounda ndege ya mbawa za povu. Kijana wa kidato cha tatu alikuwa ameiweka ndege juu ya meza, betri imechomekwa, rafadha imefungwa, na rimoti inaning'inia kifuani kwa mkanda wa shingoni. Alipoinama kurekebisha waya wa sevo ya mkia, yaani kile kimota kidogo kinachopindisha mkia, ukingo wa meza uliigonga rimoti na kuipindua swichi, na kijiti cha kasi kilikuwa kimepanda zaidi ya nusu bila yeye kujua. Ndege ilimrukia. Mkono alioutanguliza kujikinga ulishonwa nyuzi saba juu ya kifundo, na mpaka leo kovu lake liko pale, limepinda kama mwezi mchanga. Walimu walisema ni uzembe wa mtoto. Mimi niliichukua rimoti ile jioni hiyo, nikaufungua mpangilio wake, nikakuta swichi imewekwa sawasawa na maelekezo aliyopewa. Mtoto alikuwa ametii. Kasoro ilikuwa katika alichofundishwa.

Hata jina la jambo hili lina historia inayofundisha. Miaka ile ambapo rimoti ya bei nafuu ya Turnigy 9X ilienea duniani, watu waliojua kuandika programu waliichoka programu ya kiwandani wakaandika ya kwao, ikaitwa er9x, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mzima ulioitwa kwa jina la swichi za usalama. Kutokana na ukoo huo ilizaliwa programu nyingine, OpenTX, na mwaka 2021 ikatoka EdgeTX, ambayo leo ndiyo inayoendesha rimoti nyingi za RadioMaster na nyingine zinazoshikwa na vijana wetu. Njiani jina lile lilibadilishwa. Kazi iliyokuwa ikiitwa ya usalama sasa inaitwa kwa neno lenye maana ya kubatilisha au kulazimisha, yaani kuilazimisha chaneli itoe namba fulani hata kama kijiti kinasema vingine. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yalikuwa ya uungwana mkubwa, kwa sababu hivyo ndivyo amri ile inavyofanya hasa. Inalazimisha namba. Kama namba hiyo italeta usalama au maafa, hilo limeachwa kwa aliyeipanga.

Njia iliyo sahihi si ngumu, na katika OpenTX na EdgeTX haichukui zaidi ya robo saa. Kanuni yake ni kwamba swichi ya kuiruhusu mota isikubali kufanya kazi mpaka ihakikishe kwanza kwamba kijiti kiko chini kabisa. Ikishakubali, iendelee kuruhusu hata kijiti kikipanda, maana vinginevyo ndege isingeruka. Na swichi ikirudishwa upande wa usalama, mota ikatwe papo hapo bila masharti yoyote. Programu hizi zina kile ninachokiita swichi za kimantiki, ambazo hazishikiki kwa kidole bali zimo ndani ya hesabu za rimoti. Ya kwanza, L01, mtu huipa sharti kwamba kijiti cha kasi kiwe chini ya hasi 98 na papo hapo swichi ya kushika, tuseme ile iliyoandikwa SF, iwe imeshushwa. Ya pili, L02, ni ya aina inayong'ang'ania: ikishawashwa hubaki imewaka mpaka kitu kingine kiizime. Hii huiambia iwashwe na L01 na izimwe na SF ikipandishwa juu. Kisha, katika ukurasa wa kazi maalumu, huandika amri moja tu, kwamba wakati wowote L02 haijawaka, chaneli ya mota ilazimishwe kuwa hasi 100. Yule kijana wa kidato cha tatu angekuwa na mistari hiyo mitatu ndani ya rimoti yake, meza ingeipindua swichi na ndege isingetikisika.

Kuna mambo kadhaa ambayo mistari hiyo haiyasemi, nayo nimeyajifunza kwa kuungua vidole. La kwanza ni kuhusu ile hasi 98. Kijiti husoma nafasi yake kwa kifaa kidogo ndani ya rimoti, na hapa pwani, ambako hewa ya chumvi hula kila kitu kuanzia bawaba za milango hadi masufuria, kifaa hicho kikichafuka au rimoti isipopimwa upya, kijiti kilichoshushwa hadi mwisho kinaweza kusoma hasi 96. Hapo mota itakataa kuwaka, na mwenye ndege, badala ya kuipima rimoti upya kwa utaratibu uliomo kwenye menyu, ataona sharti ndilo tatizo na kulifuta. Nimekutana na rimoti tatu zilizofutwa hivyo. Mtu akitaka kujipa nafasi, na alegeze hadi hasi 95, lakini asifike hasi 80, maana huko ndege nyepesi itakuwa imeanza kutambaa.

La pili ni zito zaidi. Amri ile ya kulazimisha hufanya kazi mwisho kabisa, baada ya hesabu nyingine zote, hata baada ya mpangilio wa kugeuza mwelekeo wa chaneli. Maana yake ni kwamba kama chaneli ya mota imegeuzwa kwenye ukurasa wa matokeo, basi hasi 100 inayolazimishwa inaweza kuwa si sifuri tena bali kasi kamili, na swichi ya usalama inakuwa kitufe cha kumwasha shetani. Si jambo la kubuni: watumiaji wa rimoti za Futaba wanajua kwamba chaneli ya kasi ya rimoti hizo huenda kinyume na ya kampuni nyingine, hivyo ni kawaida kuigeuza, na mtu aliyezoea kugeuza huko huhamia rimoti nyingine na mazoea yake. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini amri yoyote, fungua ukurasa unaoonyesha chaneli zote, pandisha na ushushe kijiti, pindua swichi, na utazame kwa macho yako namba inayotoka. Fanya hivyo rafadha ikiwa imefunguliwa na kuwekwa kwenye kisahani upande mwingine wa chumba. Kwa msisitizo wangu huu wa kuifungua rafadha vijana hunicheka kidogo, wakisema mzee anaogopa feni. Na wacheke.

La tatu ni ukimya. Katika mpangilio nilioueleza, mtu akishusha SF huku kijiti kiko juu, hakuna kitakachotokea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa; lakini akija baadaye kukishusha kijiti, L01 itatimia na mota itakuwa tayari bila taarifa yoyote. Mtu aliyedhani rimoti imekataa atashangaa ikikubali. Dawa yake ni sauti. Rimoti hizi husoma faili za sauti za WAV kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, na hakuna sheria inayosema sauti hiyo lazima iwe ya mama wa Kizungu aliyekuja na kiwanda. Mimi nilimwomba binti yangu arekodi kwa simu maneno mawili, “mota hai” na “mota imezimwa”, nikayageuza kuwa WAV, nikazipa faili majina mafupi, nikazipakia, na kuiamuru rimoti iyatamke kila L02 inapobadilika. Tangu hapo kila aliyesimama karibu na ndege yangu, hata yule asiyejua kitu kuhusu rimoti, akisikia “mota hai” hurudi nyuma hatua mbili. Jirani yangu alidhani nimefuga kasuku.

Kuhusu swichi ipi itumike, nitasema kwa kifupi. Iwe ya nafasi mbili, wala si ya tatu, kwa sababu katikati ya swichi ya nafasi tatu ni mahali pa kubahatisha. Katika rimoti nyingi za ukoo huu SF ni ya nafasi mbili, na SH ni ile inayorudi yenyewe kwa springi, ambayo haifai kwa kazi hii. Upande wa usalama uwe ule wa juu, mbali na mrushaji, ili mtu aliyeshtuka aweze kuzisukuma swichi zote kwa kiganja na mota izimike pamoja na mengine. Tena swichi ifikike kwa mkono unaobaki kwenye rimoti wakati wa kuirusha ndege kwa mkono mwingine, maana ndege nyingi za wanafunzi hazina magurudumu, na dakika ya kuitupa hewani ndiyo dakika ambayo mtu ana mkono mmoja tu. Wenye ndege ambazo rafadha iko nyuma ya bawa wajue kwamba wakishaitupa, rafadha ndiyo inayopita kwenye kiganja chao. Hao mota yao iwashwe ndege ikishatoka mkononi.

Rimoti inapowashwa, inaweza kuagizwa ikague mambo mawili kabla ya kutuma chochote: kijiti cha kasi kiko chini, na kila swichi iko mahali pake. Ukaguzi huo uwashwe na usizimwe kwa sababu ya kero ya kengele, kwani ndio unaozuia rimoti iwashwe huku SF imeshushwa tayari tangu jana. Tena unasaidia pale mtu anapochagua kwa makosa kumbukumbu ya ndege nyingine, yenye mpangilio mwingine wa chaneli, kosa ambalo hata sisi wazee tunalifanya jua likiwa kali na kioo hakisomeki.

Yote niliyoyasema mpaka hapa hufanyika ndani ya rimoti. Mawimbi yakikatika, rimoti haina tena mamlaka, hata kama swichi imesukumwa mpaka ikavunjika, kwa sababu kipokezi kinafanya kile kilichoagizwa tangu mwanzo kifanye kikipoteza mawasiliano. Kinaweza kuagizwa kishikilie amri ya mwisho kilichoipokea, au kitoe namba zilizopangwa, au kisitoe mapigo yoyote. Kushikilia amri ya mwisho ndiyo hatari kubwa kuliko zote: ndege iliyokuwa ikipanda kwa kasi kamili itaendelea kwa kasi kamili mpaka betri iishe au ikutane na paa la mtu. Chaneli ya mota lazima iagizwe kwenda sifuri. Na hapa pia kuna mtego, kwani baadhi ya vipokezi hujifunza namba hizo kutokana na nafasi za vijiti siku ile vilipounganishwa na rimoti kwa mara ya kwanza. Kijiti kikiwa nusu siku hiyo, nusu ndiyo kipokezi kitakayokumbuka. Namna ya kujua ni moja. Fungua rafadha, mwombe mtu aishike ndege, iwashe mota kwa kasi ndogo, kisha izime rimoti yenyewe na uhesabu. Mota isipozimika ndani ya sekunde moja au mbili, ndege hiyo isitoke nje. Hili ni jaribio tu, na rimoti haizimwi hivyo siku za kawaida; siku nyingine zote rimoti huwashwa kabla ya ndege na kuzimwa baada ya ndege.

Najua nitajibiwa kwamba rimoti zenye swichi za kimantiki ni ghali, na kwamba mwanafunzi wa shule ya kata hutumia rimoti ya mtumba yenye menyu ya mistari miwili. Hoja hiyo naikubali, na kwa mtu huyo ushauri wangu ni wa kizamani zaidi na, nikisema kweli, ni bora kuliko hesabu zote nilizozieleza. Waya mwekundu wa betri ukatwe na kuunganishwa kwa plagi inayotokeza nje ya ubavu wa ndege, mbali na rafadha, ikichomekwa mwisho kabisa ndege ikiwa tayari uwanjani na kuchomolewa kwanza inapotua. Gharama yake ni plagi moja, waya kidogo na risasi ya kulehemu. Plagi ikiwa mfukoni mwa mtoto, hakuna programu, swichi, mawimbi wala meza inayoweza kuizungusha mota. Wale wenye rimoti za kisasa nao waiweke, kwa kuwa plagi hulinda mezani na swichi hulinda uwanjani, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ina kanuni zake kuhusu vyombo visivyo na rubani, na kila anayetaka kurusha anapaswa kuziuliza na kuzifuata. Lakini ajali niliyoisimulia haikutokea angani. Ilitokea juu ya meza, ndani ya chumba chenye ubao na madawati, ambako mlinzi pekee ni mwalimu na alichokipanga mwanafunzi ndani ya rimoti. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wanaosimamia maonyesho ya sayansi waweke meza ya ukaguzi mlangoni, na kila ndege ifike hapo bila rafadha. Mkaguzi akishike kijiti cha kasi akipandishe juu, aishushe swichi, na kama mota itazunguka hata kidogo, ndege irudi nyumbani kupangwa upya. Kisha aizime rimoti mota ikiwa inazunguka, na atazame. Mkaguzi hahitaji kuwa injinia; dakika mbili zinamtosha.

Ombi la pili ni kwako, Ndugu Mhariri. Unapochapisha picha za vijana hawa, na ninafurahi kila unapozichapisha, mara nyingi mpigapicha huwaomba waiinue ndege kifuani, rafadha ikiwatazama usoni na rimoti ikiwa mkononi mwa rafiki aliyesimama pembeni akitabasamu. Tafadhali mwambie mpigapicha wako aulize kwanza kama betri imechomolewa.

Wako katika ufundi,
Mwalimu mstaafu wa umeme,
Tanga